Kibao cha Ithungu

Alikuja na ubao wa mvule na nusu kopo la rangi ya buluu,
miguu ingali nyeupe kwa chumvi hadi magotini,
akasema: Niandikie, fundi. Mwenyekiti Mteule.
Herufi kubwa, zisomeke hadi kwenye mizani ya malori.

Nilikuwepo siku ile. Katwe nzima ilikuwepo.
Hapakuwa na karatasi wala sanduku;
tulisimama kifua kwa mgongo nyuma ya tunayemtaka,
jua likihesabu pamoja na karani.
Nyuma ya Masereka, sabini na mmoja,
wawili kati yao najua wana deni lake.
Nyuma ya Ithungu, mia moja na kumi na wawili:
mstari ukapinda kwenye duka la simu,
ukateremka hadi wanakoanika chumvi.
Mimi nilikuwa wa tisini na nne.
Shingo iliyokuwa mbele yangu ilinuka moshi wa kuni.

Nikamuuliza: Kwa nini usiwe Mchaguliwa?
Au niandike Mwenyekiti tu, rangi ghali.
Akacheka. Mwenyekiti ni mwenye kiti,
na kiti bado amekikalia Masereka,
kiti na daftari, na muhuri kautia ndani ya soksi
chini ya godoro. Wilayani wanasema ngoja.
Nimeshatoka mstarini, sijafika mezani.
Kuna neno la mtu aliye hapo katikati?

Lipo. Ndilo hilo alilokuja nalo.

Usiku nililigeuzageuza mdomoni kama punje ya chumvi.
Mteuzi huteua; mteuzi pia ni yule
anayesukuma sahani, hiki sili, kile sili.
Mteule hatendi lolote. Tendo limempitia,
mikono ilikuwa ya wengine.
Katekista hulitumia Jumapili kwa watakaookoka,
na sauti yake hushuka kama anataja marehemu.
Redioni hupewa mkubwa aliyepatikana asubuhi kwa saini moja,
bila mgongo wa mtu nyuma yake.
Watu wa pwani husema mchagua nazi hupata koroma.
Sisi nazi hatuna. Tuna chumvi ya kula na chumvi ya ng'ombe,
na anayekosea huambiwa na ulimi wake.

Nikaandika. Mwenyekiti nikalipa mikono miwili ya rangi;
Mteule, kopo likikwanguka, mkono mmoja.
Akakitundika juu ya kibanda.

Wakaja wenye shida za barua:
mtoto wa Mbambu anakwenda shule Bwera,
Thembo anataka mkopo wa pikipiki.
Aliandika kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi,
na pale pa muhuri akachora duara tupu
kwa kizibo cha soda.
Shule ikakubali. Benki ikakataa.

Miezi saba. Upepo wa ziwa letu hauna adabu kwa rangi.
Ulianza na M. Kisha T, ikabanduka kama gamba,
E ikaifuata.
Siku moja nikapita nikasoma: MWENYEKITI ULE.
Watoto wa shule walikuwa wanajishika mbavu:
mtu ni yule, mwalimu kasema,
ule ni wa mti, ule ni wa mto!
Nikaona haya, nikaenda na brashi.
Ithungu akanizuia mkono.
Mstari ule, akasema,
akionyesha kuanzia duka la simu
kuteremka hadi chumvini,
mahali ambapo asubuhi hiyo
hapakuwa na kitu ila mbuzi mmoja na kivuli chake.

Jana Masereka ameleta muhuri, ungali ndani ya soksi.
Hakukaa, hata chai hakunywa.
Wino ulikuwa umekauka.
Ithungu akautemea mate kidogo,
akaujaribu kwanza mgongoni mwa mkono wangu.
Ukatoa nusu duara.